Bushi ya Foki Si Siri ya Serikali

Haya wasomaji, leo kompyuta inapumzika kidogo. Najua wengine wenu mmekuja kutafuta sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na haraka. Leo nataka tuzungumze kuhusu kipande cha bomba, chembamba, kifupi kuliko kidole, kinachokaa ndani ya foki ya baiskeli yenye springi. Kinaitwa bushi. Maoni yangu nayasema mapema ili mwenye kukasirika naye aanze mapema: foki nyingi zinazotupwa hapa kwetu hazijafa. Kilichokufa ni bushi. Tunatupa foki nzima kwa sababu watengenezaji wameamua kwamba vipimo vya bushi ni siri yao.

"Sasa hiyo ina uhusiano gani na programu?" Subiri, nitafika.

Huku Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau, baiskeli bado ni chombo cha kazi. Inabeba maziwa asubuhi, viazi mchana na mtoto wa shule jioni. Zamani ilikuwa Black Mamba tu, ile nyeusi nzito isiyo na springi popote isipokuwa chini ya makalio yako. Siku hizi naona nyingi za mtumba, zenye gia na foki ya springi mbele. Zinapendeza, hakuna ubishi. Zinateremka kuelekea Keringet kama zinaelea. Halafu mvua inanyesha kama inavyonyesha huku, yaani bila kuuliza mtu, misimu miwili ya matope inapita, na foki inaanza kugonga. Ko, ko, ko, kila ukishika breki ya mbele.

Na si sisi tu wa milimani. Nenda Hell's Gate kule Naivasha, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Baiskeli zinakodishwa karibu na lango la Elsa. Kabla hujalipa, shika breki ya mbele kisha usukume usukani mbele na nyuma. Usishangae ukisikia wimbo ule ule wa ko, ko, ko. Vumbi la kule ni la volkano, kali kama msasa, na foki zinalimeza kutwa nzima.

Ukimpelekea fundi, jibu ni moja. "Kijana, hii imekufa, tafuta ingine." Mimi simlaumu. Kutoka pale alipoketi, na kibanda chake na vipuri alivyonavyo, yuko sahihi. Black Mamba ikila gololi za gurudumu la nyuma, unaenda dukani unasema nataka za robo inchi, unahesabiwa tisa kwa kila upande, unarudi nyumbani. Hakuna anayekuuliza baiskeli ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani. Lakini uliza bushi ya foki uone watu wanavyokutazama.

Hebu tuelezane kwanza hii bushi ni nini, kwa sababu hata wanaoendesha kila siku wengi hawajawahi kuiona. Foki ya springi ni mabomba mawili ya juu yanayoteleza ndani ya miguu miwili ya chini, kama panga linavyoingia kwenye ala. Chuma juu ya chuma hakitelezi, kinakwanguana. Ndiyo maana ndani ya kila mguu kunawekwa bushi mbili, moja karibu na mdomo na nyingine chini zaidi. Jumla nne. Uzito wako, mitungi ya maziwa, kila shimo la barabara, vyote vinapita kwenye vipande hivyo vinne. Vimewekwa pale ILI VIISHE, ili bomba na mguu, ambavyo ni ghali, visiishe. Kitu kilichobuniwa kiishe halafu kisiuzwe, hapo ndipo ninapoanza kupandwa na hasira.

Tena si teknolojia ya kwenda mwezini. Bushi nzuri ina tabaka tatu: chuma kwa nje, bronzi yenye vitundu vidogo katikati, na tefloni juu yake upande wa ndani. Tefloni iligunduliwa na Roy Plunkett akiwa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938. Bushi ya aina hiyo ilitengenezwa na Glacier Metal ya Uingereza miaka ya 1950. Zimejaa kwenye magari, matrekta na pampu. Kwenye foki za bei ya chini hata hiyo bronzi haipo, ni plastiki tupu. Hiyo ndiyo siri yenyewe!

Sasa, kabla hujafungua chochote, hakikisha kweli ni bushi. Mgongo wa "ko ko" unaweza kutoka sehemu tatu. Weka kidole pale usukani unapoingia kwenye fremu, shika breki, sukuma. Ukisikia mchezo pale, kaza au badilisha beringi za usukani, nenda zako. Pili, kama ni breki ya diski, pedi zinaweza kucheza ndani ya nyumba yake, kwa hiyo achana na breki kabisa. Inua gurudumu la mbele juu kidogo, shika miguu ya foki kwa chini, vuta na usukume. Kidole cha mkono wa pili kiwe pale bomba la juu linapoingia kwenye mguu. Ukihisi bomba linatikisika ndani ya mguu, hiyo ni bushi. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida, lazima pawe na nafasi ya mafuta. Ukiuona kwa macho, umezidi.

Halafu kuna kipimo ambacho watu hukiruka, nacho ndicho kinachoamua kila kitu. Pima bomba la juu kwa vernia. Pima pale juu ambapo halisuguliwi, kisha pima pale linapoteleza, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Namba zikilingana, una foki. Zikitofautiana waziwazi, au bomba lina kutu iliyochimba vishimo, basi fundi alisema kweli na bushi mpya haitakusaidia. Itakwanguliwa na vile vishimo mpaka iishe tena. Hapo acha, usipoteze siku yako.

Tufungue. Toa gurudumu na breki. Chini ya kila mguu kuna boliti, nyingi ni za funguo ya eleni ya milimita 5 au 6. Kwenye foki za springi za kawaida boliti huwa imezama ndani, kwa hiyo tafuta funguo ndefu. Ikiwa ni foki ya hewa, TOA HEWA YOTE KWANZA, sitaki lawama. Fungua, gonga boliti taratibu, vuta miguu. Safisha. Matope utakayoyakuta mle ndani yangeotesha sukumawiki.

Toa sili za vumbi kwa bisibisi bapa, ukiweka kitambaa chini yake. Sasa utaona bushi ya juu. Kwenye foki nyingi za bei rahisi ni mkono wa plastiki ambao ukisumbuliwa kidogo unatoka wenyewe. Kwenye foki nzuri zaidi imeingizwa kwa nguvu, na hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu mguu umezibwa chini, una tundu la boliti tu. Huwezi kuisukuma kutoka upande wa pili kama unavyosukuma beringi.

Njia tuliyotumia mimi na mzee mmoja fundi wa hapa ni hii. Tulichukua fimbo ndefu ya chuma yenye nyuzi za boliti toka mwanzo hadi mwisho, na washa nene kidogo kuliko kawaida. Washa iwe na upana wa kuingia ndani ya mguu nyuma ya bushi lakini isiweze kupita katikati ya bushi. "Sasa itapitaje?" mzee akauliza. Inapita kiubavu. Unaipiga tupa pande mbili zinazoelekeana ili iwe kama yai, unaifunga kwenye ncha ya fimbo kwa nati mbili ikiwa legelege, unaipitisha ikiwa imelala, kisha ikishavuka bushi unaitikisa mpaka isimame. Sasa imeshika kwa nyuma. Kwenye fimbo juu weka kipande kizito cha chuma chenye tundu, na juu yake kabisa nati kubwa. Ukirusha kile chuma juu kikagonga nati, bushi inapanda kidogo. Gonga, geuza fimbo, gonga, geuza. Ukigonga upande mmoja tu inakwama kishoroba na utaimba nyimbo zote unazozijua. Bushi ya chini ni vile vile, ni fimbo ndefu zaidi na subira zaidi.

Maji ya moto yanasaidia sana. Miguu ya foki nzuri ni ya magnesiamu, ya nyingine ni aluminiamu, na zote mbili hutanuka zikipata joto kuliko chuma cha bushi. Kumwagia maji kutoka kwa birika kunatosha. Moto wa gesi HAPANA. Magnesiamu na moto si marafiki, na hata kama haitawaka utaharibu rangi na nguvu ya chuma chenyewe. Usikwaruze ukuta wa ndani pia. Bushi mpya inahitaji kukaa kwenye ukuta laini.

Basi umetoa. Uweke nini? Hapa kila mtu ana dini yake.

Wapo wanaokata kopo la soda, wanazungusha vipande nyuma ya bushi kuukuu ili ibane. Nimeona, inafanya kazi wiki chache. Shida ni kwamba bushi iliyoisha imeisha upande mmoja, mbele na nyuma, si mduara mzima. Ukiibana kote unabana pasipohitaji. Na lile tabaka la tefloni ambalo ndilo lililokuwa likiteleza halirudi kwa sababu umeweka kopo nyuma yake.

Wapo wanaokereza bushi ya nailoni. Nailoni ni rahisi kukereza, nayo inateleza vizuri. Lakini inakunywa maji na kuvimba. Kwa mtu wa Lodwar ningesema endelea. Kwa Olenguruone, ambako soksi hukauka siku ya tatu, foki itaanza kukwama katikati ya msimu wa mvua na utafikiri springi imevunjika. Ukipata plastiki iitwayo asetali, ile nyeupe au nyeusi ngumu inayotumika kwenye gia za mashine, ichukue hiyo. Hainywi maji kama nailoni. Bronzi pia ni nzuri, mafundi wa kukereza Nakuru wanaijua tangu enzi za babu zao, ila haina tefloni kwa hiyo ni lazima uwe mtu wa grisi. Mtu asiyepaka grisi mnyororo wake asijidanganye na bronzi.

Na ukibahatika kupata bushi halisi yenye tefloni, usiipige msasa hata kidogo ikiwa imebana. Tabaka lile ni jembamba kuliko unywele. Linalainishwa kwa kupitisha ndani yake fimbo ya mviringo iliyong'arishwa, yenye kipimo cha bomba, ikisukuma tabaka lijipange bila kulikata. Nasi tulikereza ya kwetu. Ndiyo iliyochukua muda kuliko kazi nyingine zote, maana tofauti kati ya foki inayoteleza na foki iliyokwama ni sehemu ndogo sana ya milimita moja.

Sasa turudi kwenye hasira yangu.

Kuna kiwango cha kimataifa cha bushi hizi za kukunjwa, ISO 3547. Kinasema, kwa mfano, bushi ya ndani milimita 30 iwe na nje milimita 34. Namba ziko wazi, kiwanda chochote duniani kinaweza kutengeneza, na maduka ya beringi yanaweza kukuagizia. Mabomba mengi ya foki za bei nafuu ni ya milimita 28 au 30, namba nzuri kabisa. Lakini bushi nilizong'oa mimi zilikuwa na ukuta mwembamba kuliko wa kiwango, kwa hiyo ya dukani haiingii. Mbuni wa foki alitaka mguu mwepesi zaidi, akachagua unene wake. Sawa, ni haki yake. Ila baada ya kuchagua angeandika namba hizo kwenye mwongozo. Mstari mmoja! Badala yake, kwa foki nyingi za leo kipuri unachouziwa ni miguu ya chini mizima, bushi zikiwa zimeshaingizwa kiwandani. Ni kama kuambiwa ununue nyumba mpya kwa sababu kitasa kimeharibika.

Wanaoandika programu mshanielewa. Mwaka 1980 hivi, pale MIT, Richard Stallman alikuwa na printa mpya ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Printa ya zamani aliibadilishia programu ili iwape watu taarifa ikikwama. Hii mpya msimbo wake haukutolewa, na mtu aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameweka sahihi ya kutunza siri. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU. Tunapenda kusema programu huria zilizaliwa kutokana na falsafa. Zilizaliwa kutokana na printa iliyokwama na mtu aliyejua kuitengeneza akanyimwa nafasi. Na sisi Waswahili tulifaidi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hakuna aliyengoja kampuni ya ng'ambo ione soko letu linatosha.

Bushi ni msimbo wa foki. Namba tatu tu: kipenyo cha ndani, cha nje, na urefu.

Tena wenyewe wanalijua hili. RockShox, iliyoanza 1989 na ndiyo iliyozifanya foki za springi kuwa kitu cha kawaida kwenye baiskeli za milimani, ilinunuliwa na SRAM mwaka 2002. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, ndiye aliyeanzisha World Bicycle Relief pamoja na mkewe Leah mwaka 2005, shirika linalotoa baiskeli za Buffalo, nyingi zikiwa huku Afrika. Ukiitazama Buffalo utaona foki ya chuma, ngumu, haina springi hata moja, na shirika linafundisha mafundi wa vijijini na kuhakikisha vipuri vinapatikana. Yaani watu wa familia ile ile ya biashara, walipoketi kufikiria barabara kama zetu, waliona jambo la kwanza ni kipuri. Nawapongeza, kwa dhati. Lakini foki zao zile nyingine nazo zinafika huku. Zinafika kwa mtumba, hazikupita kwenye hesabu ya mtu yeyote, na zinaharibika kama kila kitu kinavyoharibika.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "nunua foki ngumu, springi ni anasa." Kwa mtu wa maziwa nakubali asilimia mia. Mitungi haihitaji kuelea. Lakini mtoto aliyenunuliwa baiskeli ya mtumba haiji na uchaguzi wa foki, inakuja kama ilivyo.

La pili ni usalama. Bushi ikiwekwa vibaya foki hukwama, wanasema, kwa hiyo aachiwe mtaalamu. Hili lina ukweli ndani yake, nimeshasema kazi ya kulainisha si mchezo. Ila pedi za breki za matatu zinauzwa kando ya barabara, kwa mtu yeyote mwenye pesa, na matatu inabeba watu kumi na wanne. Hakuna aliyependekeza pedi ziuzwe pamoja na ekseli nzima. Isitoshe, foki yenye bushi iliyoisha haiachwi kuendeshwa kwa sababu bushi haiuzwi. Inaendeshwa hivyo hivyo, ikigonga, sili zikivuja, gurudumu likiyumba kwenye kona. Usalama wa nani huo?

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengeneza vitu, ikagusa mashine za kufulia, friji, simu, hata vyombo vyenye betri kama baiskeli za umeme. Foki ya kawaida haimo. Sitaketi kungoja waikumbuke.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji bunge. Kila fundi au mwenye baiskeli anayefungua foki apime kabla ya kutupa. Kipenyo cha bomba la juu, kipenyo cha ndani cha mguu pale bushi ilipokaa, urefu wa bushi. Aandike na jina lililobandikwa kwenye foki, na kama bushi ilikuwa ya plastiki au ya chuma. Bushi kuukuu usiipime unene kwa ndani, imeisha, itakudanganya. Pima mguu. Mimi nitaziweka kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila foki, lisome hata kwenye simu ya vitufe. Si picha, si PDF ya kurasa arobaini yenye nembo. Fundi wa kukereza Nakuru akiletewa namba hizo hahitaji kuiona baiskeli.

Foki za milimita 28 ndizo ninazozitafuta kwanza, maana ndizo zilizojaa huku.